Mwezi si Shamba la Bibi

Mjadala wa safari za anga ukizuka vyuoni kwetu, haukawii kugawanyika. Upande mmoja husema binadamu amevuka mpaka aliowekewa: mbingu ni za Mungu, sisi tulipewa ardhi. Upande wa pili hucheka na kusema hayo ni maneno ya wazee, kwamba sayansi haina dini na huko juu hakuna mtu. Wa tatu, ambao hawakosekani, hudai kwamba hakuna aliyewahi kufika mwezini na zile picha zilipigwa studio. Watu hubishana mpaka chai ikapoa, kisha kila mmoja huondoka na imani ileile aliyokuja nayo.

Nasema pande zote tatu zimekosea swali. Swali si kama kwenda mwezini ni dhambi. Swali ni nani anakwenda, kwa idhini ya nani, anaacha nini na anachukua nini. Hilo ni swali la maadili, na ni swali la kiroho pia, kwa sababu dini na mila zetu zote zimemfundisha mtu adabu ya kuingia mahali asipopajenga yeye. Katika insha hii nitatetea hoja moja tu: mwezi una wenyewe. Wenyewe ni watu wote, walio hai na watakaozaliwa. Anayeufanyia jambo lisiloweza kurudishwa nyuma, bila kuwauliza wenziwe, amewakosea, hata kama hakuna sheria iliyomkamata. Watanzania wana msemo kuhusu mali ambayo kila mjukuu huingia na kuchuma atakavyo bila kuulizwa wala kukemewa. Huiita shamba la bibi. Mwezi unafanywa shamba la bibi, nasi tunabishana kuhusu picha.

Tuanze na kisa cha karibuni. Tarehe 8 Januari 2024, roketi iitwayo Vulcan iliruka kutoka Cape Canaveral, Florida, ikiwa imebeba chombo cha Peregrine kilichokusudiwa kutua mwezini. Chombo hicho kilikuwa mali ya Astrobotic, kampuni binafsi ya Marekani. Ndani yake mlikuwa na vifaa vya utafiti vya NASA, yaani Shirika la Anga la Marekani, ambalo lililipia mzigo wake kama mteja. Lakini mlikuwa pia na mizigo ya wateja wengine, wakiwemo Celestis na Elysium Space, kampuni zinazofanya biashara ya kupeleka majivu ya marehemu angani. Celestis ilitangaza safari ya mwezini kwa bei inayoanzia karibu dola 13,000.

Kabla ya safari hiyo, Buu Nygren, rais wa Taifa la Navajo, aliiandikia serikali ya Marekani akiomba iahirishwe. Wanavajo ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa Marekani, na katika imani yao mwezi ni kitu kitakatifu. Kuufanya makaburi, alisema, ni kuunajisi. Wala hakuzua jambo jipya. Mnamo Januari 1998 NASA yenyewe ilirusha chombo cha Lunar Prospector kikiwa na sehemu ya majivu ya mwanasayansi Eugene Shoemaker, na tarehe 31 Julai 1999 chombo hicho kikaangushwa mwezini kwa makusudi. Wanavajo walilalamika. NASA iliomba radhi na kuahidi kushauriana nao jambo kama hilo likitaka kufanyika tena. Miaka 25 baadaye ahadi hiyo ilitafutiwa uchochoro: safari hii si yetu, ni ya kampuni binafsi, hatuna mamlaka juu ya mizigo ya watu wengine. Kampuni ya majivu nayo ikajibu kwamba hakuna mtu wala dini inayomiliki mwezi, na kwamba safari za anga haziwezi kuamuliwa na imani za kundi moja.

Peregrine haikufika. Mafuta yalivuja saa chache baada ya kuruka, chombo kikageuzwa kurudi duniani, na tarehe 18 Januari kikaungua juu ya Bahari ya Pasifiki. Wapo waliosema hiyo ndiyo adhabu. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu uchunguzi ulionyesha kwamba kilichoharibika ni valvu, na hoja inayotegemea valvu mbovu itaanguka siku valvu itakapofanya kazi. Chombo kingine kitafika. Kwa hiyo tuijibu hoja yenyewe.

Hoja kwamba "hakuna anayemiliki mwezi" inasikika kuwa ya haki. Lakini isikilize kwa sikio la mtu wa kwetu. Hapa Uganda, kama ilivyo Kenya na kwingineko katika ukanda huu, mgogoro wa ardhi ukifika mbele ya wazee, swali la mapema kabisa huwa: nani amezikwa pale? Kaburi ni hati. Ni hati iliyotangulia hati za serikali, na mara nyingine ina nguvu kuzishinda. Familia ikionyesha kaburi la babu chini ya mti, wazee husikiliza. Ndiyo maana mtu anayemzika ndugu yake usiku kwenye kiwanja cha jirani, bila kumwambia jirani, haeleweki kuwa amefanya ibada. Inaeleweka kwamba ameweka jiwe la mpaka. Kesho atasema: mtaniondoaje hapa, na ndugu yangu amelala hapa?

Sidharau huzuni ya familia zilizolipa. Mtu aliyefiwa ana haki ya kutafuta faraja, na huenda marehemu mwenyewe aliupenda mwezi tangu utotoni. Ila huzuni ya mmoja haimpi ruhusa ya kuzika popote. Hata huku kwetu, ambako mazishi ni jambo zito kuliko harusi, mfiwa huomba mahali. Kinachonitia shaka si majivu yenyewe, ambayo ni gramu chache tu. Kinachonitia shaka ni kauli iliyoyasindikiza: kwamba kwa kuwa hakuna mwenyewe, hakuna wa kuulizwa. Kauli hiyo hujifanya inakataa umiliki, kumbe inamruhusu mwenye roketi kutenda kama mwenye mali.

Nasi tunaijua kauli hiyo. Wakubwa wa Ulaya walipokutana Berlin mwaka 1884 na 1885, walipanga jinsi ya kugawana bara ambalo wenyewe hawakualikwa mezani. Palipokuwa na watu, paliandikwa kana kwamba hapana watu wa kuulizwa. Najua nitajibiwa kwamba mwezini hakuna watu kweli, hivyo mfano huu haufai. Nakubali kwamba hakuna kijiji mwezini. Lakini njia ya kwenda juu huanza chini, na chini kuna watu. Mwaka 1976 serikali ya Zaire iliikodisha kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 huko Shaba, yaani Katanga, ili ijaribu roketi zake. Hilo ni eneo linaloizidi Burundi nzima zaidi ya mara tatu. Mkataba uliipa kampuni mamlaka mapana mno hadi mwaka 2000, katika nchi ya watu wanaoongea Kiswahili hikihiki tunachokiandikia. Roketi zilijaribiwa mwaka 1977 na 1978, na mwaka 1979 kampuni ikafukuzwa baada ya mataifa mengine kulalamika. Kumbuka: haikufukuzwa kwa sababu wanakijiji waliulizwa wakakataa. Wakubwa waliikubali na wakubwa wakaikataa. Wenyeji wa Shaba walikuwa "hakuna mtu" tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa tazama jinsi wale wasemao kwamba mwezi hauna utakatifu wanavyoutendea wenyewe. Mnamo Oktoba 2020 Marekani na mataifa mengine saba yalitia saini Makubaliano ya Artemis kuhusu utafiti na matumizi ya mwezi. Tangu hapo yamejiunga mengine mengi. Rwanda na Nigeria zilitia saini Desemba 2022, zikiwa za kwanza kutoka Afrika. Makubaliano hayo yana kifungu cha kulinda urithi wa angani: mahali ambapo vyombo vya kihistoria vilitua, na vitu na alama zilizoachwa hapo. Mwaka huohuo wa 2020 Marekani ilipitisha sheria yake yenyewe ya kulinda maeneo ambayo wanaanga wa Apollo walikanyaga. Yaani nyayo za viatu vya mwaka 1969 zisikanyagwe, zisipeperushiwe vumbi, ziheshimiwe.

Sipingi. Nami ningependa nyayo hizo zibaki. Lakini hebu tuite kitu kwa jina lake. Kutenga mahali, kukataza watu wasipakaribie, na kusema hapa palitendeka jambo kubwa hivyo tupaheshimu, hiyo ndiyo maana ya utakatifu. Hawakosi hisia ya utakatifu. Wanaikubali pale inapohusu historia yao na kuiita urithi, na wanaikataa pale inapohusu imani ya Wanavajo na kuiita dini ya kundi moja. Wanaanga wa Apollo waliacha mwezini bendera, vyombo, na hata mifuko ya kinyesi. Katika mpangilio huu kinyesi kimeingia katika urithi unaolindwa, na mwezi wenyewe, ambao watu waliuangalia kwa heshima kabla ya taifa lolote la leo kuzaliwa, umebaki kuwa uwanja wa mizigo.

Undumilakuwili huo hauishii katika imani. Uko katika mali pia, na hapo unatuhusu moja kwa moja. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema kwamba utafiti na matumizi ya anga ni kwa manufaa ya nchi zote, na kwamba hakuna taifa linaloweza kujitwalia anga, mwezi au sayari kuwa milki yake. Mwaka 1976 nchi nane zilizopitiwa na ikweta zilikutana Bogotá, Kolombia, na tarehe 3 Desemba zikatoa azimio. Miongoni mwazo zilikuwa Uganda, Kenya, Zaire na Kongo. Zilidai haki juu ya sehemu ya njia ya setilaiti iliyo juu ya ikweta, takribani kilomita 36,000 kutoka ardhini, ambako setilaiti huonekana kama imesimama mahali pamoja. Setilaiti nyingi za simu na televisheni hutumia njia hiyo. Nchi hizi zilisema: njia hii iko juu yetu, ni rasilimali adimu, na wenye teknolojia wanaijaza kabla hatujajenga hata kiwanda cha baiskeli.

Zilijibiwa nini? Zilijibiwa kwamba Mkataba wa 1967 unakataza taifa lolote kujitwalia anga. Azimio likabaki karatasi. Mimi naona jibu hilo lilikuwa sahihi kisheria, na sitaki kulitetea azimio lile, maana nalo lilitaka kugawa mbingu kama viwanja. Lakini miaka 39 baadaye, mwaka 2015, Marekani ilipitisha sheria inayowaruhusu raia na kampuni zake kumiliki na kuuza madini watakayochimba angani. Luxembourg ilifuata mwaka 2017. Na Makubaliano ya Artemis yanatamka kwamba kuchimba rasilimali si lazima kuwe kujitwalia. Maelezo yao ni kwamba hatumiliki mwezi, tunamiliki tu tutakachotoa ndani yake. Ni sawa na mtu anayekwambia: shamba si langu, kamwe, ila mihogo yote nitakayong'oa ni yangu. Kwa maskini, mkataba ulisomwa kwa herufi. Kwa wenye roketi, unasomwa kwa tafsiri.

Mwaka 1979 palikuwa na jaribio la kuziba pengo hilo. Mkataba wa Mwezi uliutaja mwezi na rasilimali zake kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu, na ukataka uwepo utaratibu wa kimataifa kabla uchimbaji haujaanza. Marekani, Urusi na China, wenye uwezo wa kufika, hawakujiunga. Wala huu si mjadala wa ndoto. India ilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi tarehe 23 Agosti 2023. Juni 2024 chombo cha China, Chang'e-6, kilileta udongo kutoka upande wa mwezi ambao sisi wa duniani hatuuoni. Kinachotafutwa sana kusini huko ni barafu iliyo ndani ya mashimo yasiyofikiwa na jua. Barafu hiyo inaweza kuwa maji ya kunywa, hewa ya kupumua na mafuta ya roketi. Imekaa gizani kwa muda ambao akili haiwezi kuuhesabu, na ikishatumika hairudi. Tunazungumzia mali halisi, na milango yake inafunguliwa katika miaka yetu, sisi tulio madarasani leo.

Hapa ndipo wenzangu wa upande wa sayansi huniambia: ukiipa kila imani kura ya turufu, hakuna kitakachofanyika, leo Wanavajo, kesho wengine, keshokutwa mtu atakataza darubini. Nawajibu kwamba sikuomba kura ya turufu. Nimeomba kuulizwa. Kati ya kumpa mtu uwezo wa kukuzuia na kumpuuza kana kwamba hayupo, kuna nafasi pana sana, na nafasi hiyo ndiyo tunayoiita adabu. Anayepiga hodi hajasema kwamba mwenye nyumba lazima amfungulie. Amesema tu kwamba anajua nyumba ina watu.

Tena si kweli kwamba sayansi ilikwenda juu mikono mitupu, ikiiacha dini nyumbani. Tarehe 24 Desemba 1968, wanaanga watatu wa Apollo 8 wakiuzunguka mwezi waliwasomea walimwengu aya za mwanzo za Kitabu cha Mwanzo. Julai 1969 Buzz Aldrin alipokea ushirika mtakatifu ndani ya chombo, kabla ya kushuka kukanyaga vumbi. Mwaka 2007, Malaysia ilipompeleka Sheikh Muszaphar Shukor katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, wanazuoni wake walikaa wakaandika mwongozo. Kituo hicho huizunguka dunia mara 16 hivi kwa siku. Je, Mwislamu aswali mara ngapi, na kibla kiko wapi? Wakajibu kwa hekima: saa za sala zifuate mahali aliporukia, na kuhusu kibla aelekee kadiri awezavyo, ikishindikana Kaaba basi dunia, ikishindikana dunia basi popote. Hawakuikataza safari, na hawakuitupa sala. Walikaa kitako wakafikiri.

Kwa hiyo imani haijawahi kuzuiwa kupanda roketi. Swali ni imani ya nani imepewa kiti. Aliyesoma Mwanzo alisikilizwa na ulimwengu mzima. Mnavajo aliyeandika barua aliambiwa kwamba dini isiingilie.

Lakini nisiwalaumu watu wa mbali pekee. Mfano wa Malaysia unawaaibisha viongozi wetu wa dini na wasomi wetu. Nimesikiliza mahubiri na mawaidha mengi yanayogusa anga, na mengi yameishia palepale tunapoishia wanafunzi: je, walifika au hawakufika, je, ni kufuru au si kufuru. Wahubiri wetu hawana haya kutaja tofauti ya mbingu ya kwanza na ya saba, lakini hawana neno kuhusu mkataba unaoruhusu mtu mmoja kuuza barafu ambayo Mungu aliiweka kabla ya Adamu. Kama kweli tunaamini kwamba binadamu ni khalifa, au ni mtunzaji wa bustani ya Mungu, basi tunaamini pia kwamba kukabidhiwa si kuuziwa. Amana ina sheria zake: huitumii kwa siri, huiharibu ukasema ulikuwa na haraka, na siku ya kuidaiwa utaulizwa. Hilo ndilo fundisho ambalo dini zetu zingeweza kulipeleka katika mikutano ya dunia, na wanalikalia.

Hata lugha yetu inatukumbusha. Kiingereza kina neno moja la anga inayonyesha mvua na jingine la makao ya Mungu. Kiswahili husema mbingu kwa yote mawili, na Waganda husema eggulu kwa yote mawili. Neno mwezi kwetu ndiyo taa ya usiku, na ndiyo hesabu ya mshahara, ya mimba, ya kodi ya nyumba na ya mfungo. Mwezi ukiandama, kijana wa Lamu, wa Bujumbura na wa Mbale hutazama juu kutafuta kitu kilekile chembamba. Lugha si ushahidi mahakamani, najua. Lakini inaonyesha kwamba watu hawa hawakuwa nje ya jambo hili. Wamekuwa na mwezi muda wote, wakiutumia kila siku bila kuupunguza hata punje.

Wapo watakaosema: tuna njaa, tuna barabara mbovu, mwezi wa nini? Ni hoja yenye uchungu, lakini inatudanganya. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Wanakijiji wale hawakuwa na shida na anga. Anga ndiyo iliyowafuata. Malindi nako, Waitaliano walikuwa wakirusha roketi kutoka jukwaa la baharini la San Marco tangu miaka ya 1960. Setilaiti ya Uhuru iliruka kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Na Uganda yetu ilipeleka setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, mwaka 2022. Tumo ndani tayari. Mwenye njaa ndiye hasa anayepaswa kuuliza kuhusu mali ya pamoja, kwa sababu yeye ndiye hupata hasara ya kwanza mali hiyo ikigawanywa asipokuwepo.

Basi tufanye nini? Nadai mambo matatu. Kwanza, serikali zetu zisitie saini makubaliano yoyote ya mwezi kabla hayajajadiliwa bungeni na kuelezwa kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa, Kiswahili kikiwemo. Nchi iliyotia saini tayari itumie kiti chake kudai kwamba mapato ya rasilimali za angani yawe na fungu la wasio na roketi. Pili, kampuni yoyote inayotaka kuacha mwezini kitu kisichohusiana na utafiti, yawe majivu, matangazo au sanamu, ipeleke ombi mbele ya chombo cha kimataifa na watu wapewe muda wa kupinga. Kama nyayo zimepata mlinzi, mwezi mzima hauwezi kukosa. Tatu, mabaraza yetu ya dini, ya Waislamu na ya Wakristo, pamoja na wazee wa mila, yaunde kamati za watu wanaojua sayansi na wanaojua maandiko, wakae kama walivyokaa wale wa Malaysia, watupe msimamo. Kama hawaujui mkataba wa 1967, wausome. Ni mfupi.

Waganda wana simulizi ya Kintu, mtu wa kwanza, aliyekwenda mbinguni kwa Ggulu kumtaka Nambi awe mke wake. Hakuna aliyemwambia Kintu kwamba mbinguni hakuendwi. Alifika, akaulizwa shida yake, akapewa mitihani migumu, akafaulu, akapewa mke na masharti: nendeni upesi, na hata mkisahau kitu msirudi, maana Walumbe, ambaye ni kifo, atawafuata. Njiani wakakumbuka ulezi wa kuku walioacha nyuma. Sharti likavunjwa kwa ajili ya ulezi, na Walumbe akashuka nao. Katika simulizi hiyo safari haikuwa kosa, wala hodi haikukosekana. Balaa lilitoka katika sharti lililodharauliwa kwa sababu ya faida ndogo. Sisi leo tumeiona safari, tumeuona na ulezi wenyewe. Masharti bado hayajaandikwa, na wanaotaka yasiandikwe wameshawasha injini.